Sukari Kilo Shilingi Ngapi?

Kijiwe chetu kipo Tandika, chini ya mwarobaini, ubavuni mwa kibanda umiza chenye runinga mbili na mabenchi yaliyopigiliwa misumari na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Muuza kahawa huja jioni na birika lake juu ya mkaa, vikombe vikigongana ndani ya ndoo, kashata zikiwa kwenye kopo. Ukimuuliza yeyote kati yetu anakwenda wapi saa hizo, atakujibu anakwenda kuongea mpira. Wake zetu wameshalizoea jibu hilo. Ukweli ni kwamba mpira tunauongea dakika kumi. Saa mbili zinazobaki ni dawa ya kiungulia, kodi za vyumba, panya asiyeogopa sumu, na ile hoja isiyokwisha ya kwa nini supu ya siku hizi ni maji ya moto yaliyopitiwa na ng'ombe kwa mbali.

Kwa miaka kama kumi na mitano nilidhani mazungumzo hayo ya pembeni yanakuja yenyewe tu, kama mbu. Hayaji yenyewe. Yana mwenyewe, na mwenyewe ni aliyefungwa.

Chunguza kijiwe chochote utaona. Mtu ambaye timu yake imeshinda hana habari na bei ya kitu. Ataliongea bao moja kuanzia magharibi hadi muuza kahawa azime mkaa. Aliyefungwa ndiye anayekumbuka kwamba duniani kuna kilimo, afya na ujenzi wa taifa. Ndiye atakayekohoa kidogo, aangalie juu mwarobaini kana kwamba ameuona leo, kisha aseme: “Lakini jamani, hali ya maisha...” Hapo ujue kuna mtu kalambwa.

Sisi wa Dar es Salaam tumelelewa kwenye jambo hili. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936, ikiitwa Sunderland kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Ni karibu miaka tisini ya kuchekana, na katika miaka hiyo kila upande umekuwa na zamu yake ya kupenda mazungumzo mengine. Mimi ni wa Simba, naandika bila kuficha. Tarehe 6 Mei 2012 tuliwafunga Yanga mabao 5-0, na wiki nzima wenzetu wa Yanga waliongea bei ya saruji. Walichambua saruji kuliko makandarasi. Wengi wao hawakuwa na kiwanja.

Kisha ikaja ile misimu minne, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, Simba tukachukua ubingwa mfululizo. Ndugu zetu wa Yanga wakawa chuo kikuu. Kila jioni palikuwa na mhadhara. Mmoja wao, tunayemwita Baba Mayai, aligeuka mtaalamu wa kuku. Tukisema ubingwa, yeye anasema chanjo. Tukimtaja mfungaji, yeye anataja pumba. Alieleza kwa utulivu wa ajabu, hesabu zikatoka safi kwenye vidole vyake: kuku hamsini, mayai arobaini kwa siku, trei moja na chenji, piga mara siku thelathini. Mimi mshindi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Sikio hilo moja lilitosha kunitia hasara.

Nilinunua vifaranga hamsini vya mayai kwa mtu aliyeniuzia kwa bei ya chini sana. Ilipasa nijiulize kwa nini ni ya chini. Nilivilisha, nikavichanja, nikavikatia maboksi yawe nyumba. Miezi minne baadaye, alfajiri moja, mtaa mzima uliamshwa na kwaya. Walikuwa majogoo. Si wote, nisiseme uongo. Tetea walikuwa watatu, na walionekana kuchoka kuliko mimi. Mke wangu alisimama mlangoni na kanga yake, akasikiliza kwaya ile hadi ubeti wa pili, akaniuliza: “Baba Zuu, na hili nalo mlilijadili kwenye mpira?”

Nilimlalamikia Baba Mayai. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Kaka, mimi sijawahi kufuga kuku,” alisema. “Siku zile nilikuwa natafuta tu cha kuongea.”

Jina la Baba Mayai alilipata hapo, kwa hiyo msidhani ni la heshima.

Sasa nije kwenye siku yangu. Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kibanda umiza kilijaa hadi watoto wakakaa chini ya runinga, shingo wamezikunja kama wanaotazama ndege. Nilikaa benchi la tatu, Baba Mayai kulia kwangu akiwa amejifunga bendera ya kijani na njano mabegani. Yanga walitangulia kupitia Musonda. Kibu Denis akasawazisha.

Bao hilo ndilo lililoniponza. Niliruka. Msumari wa fundi yule mwenye haraka haukuruka. Nilisikia sauti ndefu nyuma yangu, kama mtu anayefungua zipu ya begi la safari, kisha nikahisi upepo mahali ambapo upepo hauna kazi. Nilikaa haraka sana. Nilipapasa kwa siri. Suruali ilikuwa imegawanyika kuanzia mfuko wa nyuma hadi karibu na goti, na siku hiyo sikuwa nimevaa nguo ya ndani ya kuonyesha watu. Nikajisemea hakuna shida: tukishinda, watu watatoka nje kushangilia, nitabaki peke yangu nijistiri. Mapumziko yalikuwa 1-1. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Uliharibiwa na Maxi Nzengeli.

Kwa kawaida timu yako ikianza kuzama unainuka kistaarabu, unasema “nakuja”, unaondoka zako. Mimi sikuwa na uwezo wa kuinuka. Nilikuwa mtu pekee wa Simba Temeke nzima aliyelazimika kubaki hadi mwisho. Nikafanya kile ambacho mwanadamu aliyefungwa hufanya. Nilikohoa kidogo, nikamgeukia Baba Mayai:

“Hivi sukari kilo shilingi ngapi siku hizi?”

Hakutoa macho kwenye runinga. “Mbili,” akasema.

Akaja Aziz Ki. Kibanda kikatikisika, vumbi likashuka kutoka kwenye mabati. Wakati ule tulikuwa kwenye mgao wa umeme, basi nikaona hiyo ni mada nzito ya kitaifa isiyoweza kukosa msikilizaji. “Na huu mgao,” nikasema, “kwenu wanakata saa ngapi kwa siku?”

“Tatu.”

Maxi tena. Nikahamia kwenye hali ya hewa, kwa sababu Mamlaka ilikuwa imeshatangaza El Nino na watu wa mabondeni walikuwa na wasiwasi wa haki. “Wanasema mvua hizi zitapiga wiki ngapi?”

“Nne.”

Pacome alipokuwa akiuweka mpira kwenye alama ya penalti, mimi nilikuwa nimeishiwa na nchi nzima. Nikajaribu familia. “Eti, kaka, watoto wako wamefika wangapi sasa?”

Alisubiri mpira uingie. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu mapumziko, uso unang'aa kama sinia la sikukuu. “Tano,” akasema. Ana watoto wawili.

Mpira ukaisha 5-1. Watu wa Yanga wakamwagika barabarani. Baba Mayai akanisubiri tuondoke pamoja, kwa sababu nyumba zetu ziko njia moja, na mimi nikabaki nimeganda kwenye benchi. Akadhani nalia. Nikaona bora ukweli. Nikamweleza kuhusu msumari. Aliniinamisha kidogo, akakagua, akasema “Aisee” kwa sauti ya daktari. Halafu akaivua bendera yake mabegani.

Msomaji, nilikuwa na dakika moja ya kuchagua kati ya kutembea mitaa minne nikiwa nusu uchi na kutembea mitaa minne nimejifunga bendera ya Yanga, usiku ambao Yanga imetufunga tano. Hadi leo sina uhakika kama nilichagua vizuri. Nilijifunga kiunoni kama kikoi. Watoto walinifuata kwa ngoma za makopo. Mwanamke wa chapati, ambaye amekuwa akinikopesha tangu mwaka 2019, alipiga vigelegele. Bodaboda watatu walipunguza mwendo kunipongeza kwa kurudi kundini. Mke wangu alifungua mlango, akaniangalia kiunoni, akaniangalia usoni.

“Umehama?” akauliza.

“Suruali imechanika.”

“Wote huwa wanasema hivyo.”

Zamu ilikuwa imeshageuka hata kabla ya siku hiyo. Yanga wamechukua ubingwa kuanzia msimu wa 2021/22 hadi 2024/25, minne kama ile yetu, na sisi wa Simba ndio tumekuwa chuo. Mimi binafsi najua tofauti ya bati la geji 28 na geji 30. Najua dalili za figo. Juzi nilimweleza kijana wa Yanga namna ya kulima tikiti maji kwa matone, nikajikuta nazihesabu faida kwenye vidole, nikanyamaza kwa kuihurumia pesa yake.

Kati yetu wote ni mmoja tu asiyehitaji mada za pembeni, au ndivyo tulivyodhani. Ni mzee wa Simba tunayemwita Sita Bila. Alikuwepo uwanjani mwaka 1977 Simba ilipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akapachika mabao matatu peke yake. Mzee huyu ukimpiga tano, anakujibu sita. Ukimpiga ubingwa, anakujibu Kibadeni. Hata baada ya ile 5-1 alikunywa kahawa yake bila haraka na kusema, “Vijana, moja mmetupa, tano mmejipa, bado sita haijafika,” akaenda kulala.

Mei 2025 muuza kahawa akatuletea habari kwamba Sita Bila amelazwa, presha. Ilikuwa kesho yake baada ya Simba kutoka sare ya 1-1 na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho, na kwa kuwa kule Morocco tulishafungwa 2-0, kombe likaenda. Tukachangishana, tukanunua machungwa na maji. Tukaenda wanne: mimi, Baba Mayai, muuza kahawa, na yule tunayemwita Kocha, ambaye hajawahi kufundisha hata timu ya mtaa.

Mapokezi, nesi akafungua daftari. “Jina la mgonjwa?”

Tukatazamana. Tulijua goti lake linalouma ni la kushoto. Tulijua ugomvi wake na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, tena kwa hatua. Tulijua hapendi iliki kwenye kahawa. Miaka yote ile tumeongea kila kitu kilichopo chini ya jua, na hakuna aliyewahi kumuuliza yule mzee anaitwa nani.

“Sita Bila,” nikasema kwa sauti ndogo.

“Sita ndiyo jina la kwanza?”

Kocha hakubali kushindwa. “Ndiyo, sista. Sita. Ubini, Bila.”

Nesi akapitisha kidole kwenye orodha, kwa uaminifu kabisa. “Bila sina. Nina Bilali, lakini huyo amejifungua jana.” Akatuangalia mmoja mmoja. “Ninyi ni ndugu zake kweli?”

Baba Mayai akasogea mbele. “Sista, samahani. Kuna mzee humo ndani anayemtaja Kibadeni?”

Nesi akaweka kalamu chini. “Kitanda cha dirishani,” akasema. “Tangu jana Kibadeni kashafunga mabao tisa humu wodini.”

Tulimkuta ameegemea mto, redio ndogo ikichungulia chini ya shuka. Tukamwamkia, akaitikia. Alimtazama Baba Mayai kwa muda mrefu, mtu wa Yanga, amesimama pale na mfuko wa machungwa, ana kila sababu ya kuitaja Berkane. Wodi ilinyamaza. Mzee akakohoa kidogo. Akaangalia dari.

“Hivi,” akasema, “sukari kilo shilingi ngapi siku hizi?”

Nikafumba macho. Sikuwahi kumsikia akiuliza bei ya kitu. Nilijua jibu linalokuja, maana mimi nimeshawahi kujibiwa.

Baba Mayai akavuta kiti. “Elfu tatu, mzee,” akasema. “Ila ukichukua kwa jumla, mkagawana majirani, inashuka.” Wakaanza. Waliongea sukari hadi miwa, miwa hadi mbolea, mbolea hadi kuku, na kengele ya kutoa wageni ikapigwa mzee akiwa amekaa wima, anabisha.

Jina lake nililisoma kwenye kadi iliyoning'inia kitandani. Ni jina zuri, la mtu mwenye ukoo. Aliporudi kijiweni tulimwita kwa jina hilo siku ya kwanza, kwa adabu zote. Hakugeuka. Tukamwita Sita Bila, akageuka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwako, uwe wa Msimbazi au wa Jangwani. Leo jioni muulize aliyekaa kushoto kwako jina lake na la baba yake, kabla hujaulizwa wewe mapokezi. Na usiku ambao timu yake imefungwa, akikuuliza sukari kilo shilingi ngapi, mtajie bei.