Barua ya Shukrani kwa Wakubwa wa Pentagon

Waheshimiwa,

Nimechelewa kuwashukuru. Jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani lilipokuwa Iraki, likatafuta wa kusimama getini ili lenyewe lipate usingizi, halikuona haya kuja kwetu. Kuanzia 2005 makandarasi wenu waliajiri Kampala. Waganda kwa maelfu wakapewa AK-47 na lindo juani. Mgeni akamlindia mgeni mlango, katika nyumba ya mtu wa tatu.

Uganda kazi ya ughaibuni huitwa kyeyo, yaani ufagio, maana wengi waliotangulia Ulaya walifagia. Ninyi ufagio mmeutia risasi.

Nawapongeza hasa kwa kujua soko. Mwanzoni mlinzi alipata kama dola 1,000 kwa mwezi. Zabuni zikashindanishwa, huyu akashusha, yule akashusha zaidi, na baada ya miaka michache wapo waliopokea 600, wengine 400 hivi. Makombora, kwa bahati mbaya, hayakuomba zabuni; yaliendelea kuanguka kwa uzito uleule.

Lakini kofia naivulia ile sheria yenu ya 1941, ya bima ya wafanyakazi wa kambi za ng'ambo. Katika kukokotoa malipo haibagui! Mganda akilemazwa kabisa lindoni hulipwa kwa kanuni ileile ya Mmarekani: theluthi mbili ya mshahara. Akiuawa, mjane hupata nusu. Ya mshahara wa nani? Wa marehemu, bila shaka. Basi kila zabuni iliyopunguza ujira ilipunguza na bei ya mguu, na ya jicho, na ya maiti, wala hakuna karani aliyelazimika kuandika neno "maiti". (Hapo nasema aliyejua kwamba sheria ipo. Wengi hawakuijua.)

Mlipowatangazia wananchi wenu idadi ya askari mlionao Iraki, hawa wa getini hawakuhesabiwa. Desemba 2011 bendera ikashushwa, mkaondoka.

Ombi langu ni dogo. Wengi wa walinzi hao walitoka jeshini, na Kiswahili ndicho walichoamrishwa nacho huko. Katika zabuni ijayo ongezeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mwingine wa Kiluganda kwa ajili ya mke aliyebaki nyumbani: aende ofisi gani, abebe karatasi zipi, na kabla ya tarehe ngapi.