Sifa za Neno la Siri Lililosahaulika

Kila kitu kinachopotea nchini Kenya kina dirisha lake. Kitambulisho kikipotea, mwenyewe hupiga ripoti polisi, hupewa namba ya OB, kisha huelekea Huduma Centre. Hatimiliki ya shamba ikipotea, msajili wa ardhi hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 60 zikipita bila mtu kupinga, mwenye shamba hupewa nyingine. Hata namba ya siri ya M-Pesa, ambayo Wakenya wamekuwa wakiisahau tangu huduma hiyo ianze Machi 2007, hurudi baada ya mtu kuthibitisha kuwa ni yeye. Neno la siri la nakala rudufu ya simu, hiyo ambayo wengi huiita bakapu, halina dirisha, halina fomu, wala halina afisa wa kubembelezwa. Likisahaulika ndio basi. Ni haki yake lisifiwe, na lisifiwe Mitunguu.

Mitunguu iko Imenti Kusini, kaunti ya Meru, ukiteremka kutoka Nkubu kuelekea joto la Tharaka. Ni mji wa ndizi. Maji ya kunyunyizia yaliyoletwa kwa mabomba miaka ya 1980 yaliigeuza ardhi kavu kuwa migomba, na leo malori hupakia huko mikungu inayokwenda kuuzwa Nairobi. Kwa miaka mingi mkungu umeuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, jambo linalompa broka nafasi pana ya kuwa na macho makali kuliko mkulima. Siku hizi macho hayo hutazama picha. Mkungu hupigwa picha ukiwa bado shambani, picha hutumwa kwa WhatsApp, bei hujibiwa kwa ujumbe wa sauti, na ahadi ya malipo hufuata ikiwa na kidole gumba kilichoinuliwa. Daftari la biashara ni simu.

Sasa chukua mchuuzi wa aina hiyo, ambaye simu yake imechomolewa mfukoni katika msongamano wa soko la Marikiti, Nairobi. Anarudi nyumbani, ananunua Tecno au Infinix nyingine, anairudisha laini, anaingiza namba. WhatsApp inamwambia kwamba nakala yake imepatikana, tena inamwonyesha ni ya lini na ina uzito gani. Moyo unatulia. Halafu inamwomba neno la siri.

Anaandika jina la kifungua mimba wake na mwaka aliozaliwa. Siyo. Anaanza kwa herufi kubwa. Siyo. Anakumbuka kwamba mtoto anaitwa Murithi, lakini karani wa vyeti aliliandika Muriithi, kama wafanyavyo watu wa Kirinyaga. Je, siku ile aliandika kwa i moja au mbili? Anajaribu moja, anajaribu mbili. Anamwita mkewe, na mkewe anamuuliza kwa nini hakutumia jina lake yeye. Usiku huo nyumbani kunakuwa na mazungumzo marefu kuliko yote yaliyomo ndani ya nakala hiyo.

Hapo ndipo fadhila za neno lililosahaulika zinapoanza kung'aa. Kwanza, halili chai. Nchi hii ina walinzi wa kila namna, na wachache ni wale wasioelewa mtu anapokohoa huku akipapasa mfuko. Neno hili halielewi. WhatsApp ilipoleta nakala zilizofungwa kwa usimbaji mnamo Oktoba 2021, ilimpa mtumiaji njia mbili: achague neno la siri, au apewe ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Mwenye kuchagua neno, ufunguo wake hufungiwa katika mitambo maalumu ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuchungulia ndani. Kampuni inajua kwamba ufunguo upo, haijui ni upi. Ukikosea mara nyingi, mitambo huuzima ufunguo huo moja kwa moja. Na anayedhani atabahatisha ule wa 64 ajue kwamba idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kata imesahau, na mtungi hausemi.

Pili, halitazami uso wa mtu. Fundi wa simu mwenye kibanda kando ya stendi ataapa kwamba hakuna simu isiyofunguka, na kweli simu itafunguka: ataiflashi, iwake kama mpya, na tupu kama mpya. Nakala iliyo mbali kwenye Google Drive haitakuwa imetikisika. Wala mkubwa hana cha kumzidi fundi. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru, limeamua mizozo ya mashamba vizazi na vizazi na lina viapo vinavyotetemesha watu wazima, lakini hakuna kiapo cha kulishikisha adabu neno ambalo halimo tena kichwani mwa mtu yeyote.

Serikali kubwa pia zimeonja. Mwaka 2016 FBI ya Marekani ilikwenda mahakamani kuilazimisha Apple isaidie kufungua iPhone ya mshambuliaji wa San Bernardino. Apple ikakataa, na wapelelezi wakaishia kutafuta mtu wa nje wa kuwafungulia. Uingereza nayo iliitaka kampuni hiyo hiyo itoe njia ya kufikia nakala zilizofungwa kwenye mawingu yake, na Februari 2025 Apple ikaona heri kuacha kuwapa wateja wapya wa Uingereza ulinzi huo. Tokeo lake linachekesha: mkulima wa ndizi wa Mitunguu mwenye iPhone anaweza kuwasha ulinzi ambao mtu wa London, mwenye simu ya aina ile ile, hawezi tena kuuwasha. Ni nadra Imenti Kusini kuitangulia London katika jambo lolote, na jambo lenyewe ni haki ya kujifungia nje.

Matajiri nao wamefundishwa unyenyekevu. Mwanaprogramu Stefan Thomas, aliyekuwa akiishi San Francisco, alihifadhi funguo za bitkoini 7,002 katika kifaa kinachoruhusu majaribio kumi tu. Karatasi aliyoandika neno la siri ikapotea. Habari zake zilipotangazwa Januari 2021 alikuwa amekwisha kukosea mara nane, na mali iliyokuwa ndani ilikadiriwa kuwa dola milioni 220 hivi. Mbele ya kisanduku kile alikuwa sawasawa na mchuuzi wetu anayehangaika na i moja au mbili.

Lakini fadhila kuu ni huruma yake kwa wadaiwa. Fedha zilizokwisha kulipwa hazipotei pamoja na mazungumzo, kwa sababu taarifa ya M-Pesa iko kwa Safaricom na mwenye laini anaweza kuiomba. Kinachozama ni ahadi: "nitakutumia Ijumaa", "nimepakia mikungu 40, zingine zimeoza njiani", "si tulikubaliana 300?" Yaani neno lililosahaulika hufuta madeni na kuacha risiti. Mabroka wa Nairobi wangekuwa na shukrani wangelichangia sanamu pale sokoni.

Hapa msifaji inabidi apunguze sauti kidogo na kusema lisilopendeza. Ulinzi huu hauwaki wenyewe kwenye WhatsApp. Mtu huuwasha kwa kidole chake, akachagua neno mwenyewe, akaonywa kwamba akilisahau hatasaidiwa, akabonyeza kuendelea bila kusoma. Kabla ya 2021 nakala ile ilikaa kwenye Google Drive bila kufuli ya namna hii, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyefungiwa nje. Waliokuwa ndani hawakujulikana. Leo tapeli anayejibadilishia laini ya mtu, uhalifu unaojulikana sana Kenya, hata akifaulu kuingia katika akaunti ya Google ya huyo mtu atasimama mbele ya swali lile lile, naye hamjui Murithi wala Muriithi. Na kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, yumo pia ndugu anayejua nywila ya akaunti hiyo ya Google na anayependa kujua nani anadaiwa na nani.

Simu za Android zina jambo lao. Tangu toleo la 9, lililotoka 2018, nakala ya data za programu inayopelekwa Google hufungwa kwa ufunguo unaotokana na namba au mchoro ule ule wa kufungulia skrini, na mitambo ya huko hukataa mtu anayebahatisha mara nyingi. Kwa hiyo aliyebadili simu na kusahau mchoro wa ile ya zamani ameingia katika undugu huu bila hata kujua kwamba aliwahi kuwa na neno la siri.

Wenye iPhone wanaohifadhi nakala kwenye kompyuta wana mlango mdogo wa nyuma, na ni vizuri uelezwe kwa sababu wengi hulipa fundi bure. Kuanzia iOS 11, ya mwaka 2017, mtu anaweza kuingia kwenye mipangilio ya simu na kurejesha mipangilio yote katika hali ya mwanzo. Picha na ujumbe havifutiki. Kinachofutika ni mapambo ya skrini, nywila za Wi-Fi na kadhalika, pamoja na neno la siri la nakala. Baada ya hapo hutengenezwa nakala mpya yenye neno jipya. Zile za zamani hubaki zimefungwa, na programu zinazouzwa kwa madai ya kuzifungua hazifanyi zaidi ya kubahatisha maneno kwa mwendo wa kasi. Huenda zikafaulu kama neno lilikuwa fupi na jepesi, la sivyo zitafaulu kuchukua pesa.

Kwa WhatsApp mlango uko wazi maadamu simu ya zamani bado iko mkononi na akaunti haijatoka. Humo humo ndani ya programu, kwenye sehemu ya nakala ya mazungumzo, neno la siri hubadilishwa bila kulijua la kwanza. Mwenye simu huthibitishwa kwa alama ya kidole au namba ya skrini. Simu ikishaibwa Marikiti, mlango huo umefungwa. Basi msomaji ambaye hakumbuki kama aliwahi kuweka neno lolote, na aifungue sehemu hiyo jioni ya leo, aweke jipya, aliandike kwenye karatasi, na karatasi aiweke pamoja na hatimiliki.