Gari la familia kwa njia ya Mushaki: mwongozo wa mnunuzi

Hongera. Umeoa, mtoto wa kwanza ameota meno mawili, na mama mkwe wako anakaa Masisi-centre. Sasa unataka gari: salama, la bei nafuu, lisilokunywa sana. Mimi nililitafuta gari hilo hilo na nikalinunua, ndiyo maana najiona nina haki ya kukushauri.

Anza kwa kusahau kwamba kuna barabara. Wauzaji wa Goma watakusaidia kusahau. Watakuonyesha kagari ka Kijapani kalikoshushwa Mombasa, usukani wake uko kuume, na Kongo tunaendesha kuume, kwa hiyo kila ukitaka kulipita lori itabidi mkeo achungulie upande wake akuambie kama utaishi. Usiihesabu kasoro. Kuna ndoa nyingi zilizokosa mazungumzo.

Muuzaji atakuapia kwamba kanakunywa lita tano kwa kilomita 100. Hadanganyi. Tatizo ni kilomita 100 zenyewe: kutoka Goma hadi Masisi-centre hazifiki, na ukiwa njiani hakuna anayezihesabu. Huku safari inahesabiwa kwa bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, waliorodhesha bariyeri 798 katika Kivu zote mbili. Hapo ndipo gari la familia linapokunywea. Kwa hiyo achana na lita, muulize muuzaji: linakunywa faranga ngapi kwa kila kamba iliyokatizwa barabarani? Na kumbuka kwamba gari linalong'aa hunywa zaidi. Lipake tope kabla ya kutoka mji wa Sake.

Usalama. Wazungu wana Euro NCAP, ambao kwa miaka mingi walibamiza magari mapya kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, kisha wakayagawia nyota. Jaribio zuri sana. Nimemuuliza kila shofere ninayemfahamu, hakuna aliyewahi kufika 64 kati ya Sake na Masisi, isipokuwa mmoja aliyekatikiwa breki. Kiti cha mtoto chenye mikanda mitano nacho usikihangaikie. Kiti cha mtoto ni mgongo wa mama na kitenge kilichofungwa vizuri, na kina sifa ambayo viwanda vimeshindwa kuiga: gari likilala kwenye mtaro, kiti kinashuka chenyewe na kuendelea na safari kwa miguu.

Hilo nalijua kwa macho. Nilitoka Sake saa moja asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pale njia inapoanza kupanda kuelekea Mushaki udongo ulikuwa sabuni. Kagari kakapanda, kakasita, halafu kakaanza kurudi nyuma taratibu, kwa adabu, kama mkwe anayetoka sebuleni bila kuwapa wazee mgongo. Vijana wanne wenye majembe na mbao wakatokea, utadhani tulikuwa na miadi. Mkubwa wao akainama, akachungulia chini ya gari, akasikitika.

"Muzee, hii motokari yako iko ya lami."

"Mnaweza kuisukuma?"

"Tunaweza. Kuipandisha, elfu kumi. Kuigeuza irudi Goma, elfu tano."

Nilikuwa natafuta gari la bei nafuu, nikachagua elfu tano. Mke wangu hakusema neno. Alimfunga mtoto mgongoni, akasimamisha pikipiki, na kabla ya saa sita alikuwa kwa mama yake anakunywa maziwa.

Hapo utasema: basi ninunue jipu. Watanzania wakisikia jipu wanafikiria uvimbe wenye usaha, na aliyewahi kulimiliki hawezi kuwapinga. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 imekuwa sokoni tangu 1984 na bado inatengenezwa, maana yake spea zake zipo na kila fundi wa Sake anaijua kwa kupapasa gizani. Ile ndefu ya mashirika ina tangi mbili za lita 90 kila moja. Ukizijaza mazutu, umemaliza ada ya shule ya mtoto ambaye hajazaliwa. Lakini si yako, ni ya mashirika. Wewe utaiona ikipita, na kioo kimepandishwa.

Pikipiki ndiyo gari la familia, hata kama hakuna anayeitangaza hivyo. Boxer au TVS, mtoto wa kwanza juu ya tangi, baba, mama, wa pili mgongoni, na nyuma kabisa kuku aliyefungwa miguu akitazama tulikotoka. Inatosheka na lita chache kutoka kwa kadafi yeyote, muuza petroli mwenye chupa kando ya njia (chuja kwa kitambaa, hasa akikuapia kwamba hakuna maji). Daraja likibaki gogo moja, unashuka, mnaibeba. Jaribu kubeba gari la nyota tano.

Ila kama unataka lita sifuri kwa kilomita 100, kipo chombo kimoja tu: chukudu. Mwili wa mkaratusi, magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, breki ni kipande cha mpira unachokikandamiza kwa mguu. Hubeba mamia ya kilo za viazi na haina usukani wa kuume wala wa kushoto. Goma wameitengenezea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko, heshima ambayo kagari kangu hakatarajii. Kasoro yake ni kupanda mlima. Inafaa familia ambayo shamba lake liko juu, soko liko chini, na haina haraka ya kurudi.

Watu wa Walikale wataona nimewasahau. Sikuwasahau, nilikuwa natafuta barabara. Ninyi mlikuwa na kipande cha lami pale Kilambo, na enzi za machimbo ya kasiterite ya Bisie ndege zilikuwa zinatua juu yake, magari yakijipanga pembeni kuzipisha. Kutoka Njingala kwenda machimboni ilikuwa ni miguu na msitu, mzigo wa kilo 50 kichwani. Kwa mnunuzi wa Walikale, basi, ushauri ni mfupi: nunua buti, na ukiona lami, tazama juu kwanza.

Kuna swali moja ambalo hakuna muuzaji atakayekuuliza, na mimi ningeliweka la kwanza. Linabeba magodoro mangapi, na linapakiwa kwa dakika ngapi? Februari 2024 mapigano yalipokaribia Sake, niliziona familia zikishuka kwa pikipiki na chukudu: godoro, sufuria, bidoni la njano, mtoto juu ya vyote. Januari 2025 Masisi-centre ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, Machi ikawa zamu ya Walikale, Aprili wakatoka. Gari salama ni lile lililoondoka jana yake. Zaidi ya hapo sina nyota za kugawa.

Kagari kangu bado ninako. Kako uani Goma chini ya turubai, kuku wametagia kiti cha nyuma, na betri yake inachaji simu za majirani, faranga 500 kwa simu. Kwa mara ya kwanza kanaingiza zaidi kuliko kanavyokunywa. Juzi mama mkwe alikuja kututembelea, akakazunguka mara mbili, akagonga bati kwa kifundo cha kidole.

"Mukwe wangu," akasema, "haka kazuri. Hakawezi kukupeleka mbali."