Njia Isiyo na Kilele

Aliyestaafu akaamua kukaa Moshi hana kisingizio cha kutopanda kitu. Akifungua dirisha alfajiri, Kilimanjaro, mita 5,895, umelijaza lote. Mgeni kutoka Dar hamalizi kikombe cha chai kabla ya kuuliza, "Bibi, kule juu umeshafika?" Mimi humjibu kwamba nimezaliwa chini yake, nimeolewa chini yake, nimezeekea chini yake, na mlima haujawahi kunidai chochote.

Wajukuu hawaridhiki na jibu hilo. Shule zikifungwa Juni, wanateremka kwenye basi wamevaa viatu vipya, wakitaka kupanda. Mkubwa ana miaka 9. Huyo ni mume wangu mdogo, kwa utani, ingawa wivu wake ni wa kweli. Mdogo ana miaka 5. Huyo ni mke mwenzangu, naye hupanda kila kitu isipokuwa kitanda wakati wa kulala. Babu yao ana miaka 74 na magoti mawili, moja zima. Bahati nzuri hifadhi hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Niliwatangazia kanuni hiyo kwa uso wa huzuni, na uso ule ulinigharimu.

Ikabaki kutafuta njia ya chini: fupi, tambarare, yenye kivuli, ambayo Babu ataiweza na mtoto hataichoka. Uchagani, kumuuliza mtu njia tambarare ni kumtafutia mtihani. Tulimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipandisha mkungu wa ndizi kichwani huku akiongea na simu. "Ni hapo tu," alisema bila kuhema. Hakutudanganya, alipima kwa miguu yake. Babu akashauri tumtafute mwenye magoti mabovu, maana huyo atasema kweli. Tukampata. Njia hakuijua, kwa sababu magoti hayajamruhusu kutoka nyumbani siku nyingi.

Hapo akajitokeza mkwe wangu, baba wa watoto. Ni mhasibu, na ana saa ya mkononi inayohesabu hatua na kumtetemekea akikaa sana. "Mama, hili ni suala la hesabu tu," alisema kwa heshima zote. Akatueleza kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 na mita 600. Akajaza karatasi, akachagua maporomoko ya maji ya Materuni, akatuahidi kwamba saa saba mchana tutakuwa mezani nyumbani.

Inaelekea Naismith hakutembea na mke mwenzangu. Njia ya Materuni inapita kati ya migomba na mibuni, na kila mfongo, yaani mfereji, wenye maji unataka kutupiwa jani, kisha jani lisindikizwe. Akitokea kinyonga, msafara unasimama mpaka avuke, na kinyonga hajawahi kuwa na miadi. Tena Naismith hakuweka dakika za kuamkiana. Babu hapiti nyumba ya mtu bila salamu, salamu haziishi bila kuulizana ukoo, na ukoo ukishapatikana inaletwa pombe ya mbege. Mkwe alikaa ukingoni mwa benchi, kata ya mbege mkononi, macho kwenye saa. Kwa mujibu wa karatasi, wakati huo tulikuwa tunarudi.

Maporomoko yenyewe ni mazuri, hilo silikatai. Maji yanaanguka mita zipatazo 80, na rasharasha zake zinakulowesha kabla hujayakaribia. Lakini njia ile hupanda na kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza. Watu hudhani mzee anaogopa kupanda. Kupanda kunataka pumzi, na pumzi ikiisha unasimama, inarudi. Kushuka, kila hatua uzito wa mwili unaliangukia goti, na misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki za lori lililojaa mkaa. Babu aliteremka kinyumenyume, akatuambia anatazama mandhari.

Wakati wa kurudi mke mwenzangu aligoma. Aliketi katikati ya njia akatangaza kwamba miguu yake imelala. Baba yake akambeba mgongoni. Mbele kidogo, Babu naye akaketi juu ya jiwe.

"Baba, umechoka?" mkwe akauliza, jasho likimchuruzika.

"Sijachoka," alisema Babu. "Nasubiri zamu yangu."

Chakula cha mchana tulikila jioni.

Tukahamia tambarare. Ziwa Duluti, kule Tengeru karibu na Arusha, ni ziwa la kreta lenye msitu pande zote, na njia yake inalizunguka. Ubaya wa njia ya mzunguko unaugundua ukifika nusu, kwa sababu kurudi ni mbali sawasawa na kuendelea. Na nusu ndipo mtoto wa miaka 5 anapokumbuka haja kubwa. Tulikuwa tunamtafutia kichaka chenye staha, kichaka kikatikisika, akatoka kenge, mrefu, mnene, asiye na haraka. Haja ikaahirishwa. Goti la Babu likapona papo hapo, likaendelea kuwa zima mpaka tulipoegesha gari. Mkwe alituarifu kwamba saa yake haijawahi kurekodi mwendo mzuri kama ule tangu aoe kwetu.

Mwishowe tukaenda Msitu wa Rau, ulio upande wa chini wa mji wa Moshi, upande ambao wageni wanaupa mgongo wakipiga picha za mlima. Maji ya ardhini pale yako karibu na uso wa nchi, ndiyo maana miti imenenepa kuliko mvua ya eneo lile ingeruhusu. Ipo mivule ambayo familia yetu nzima ikishikana mikono haiwezi kuizunguka. Pembeni kuna mashamba ya mpunga. Njia ni tambarare, ina kivuli, na haiendi popote. Hakuna kilele, hakuna maporomoko, hakuna duara la kukamilisha. Ukichoka unageuka, na hakuna atakayejua kama umeshindwa au umemaliza.

Jambo hilo lilimtesa mkwe. "Mama, mwisho wa njia hii ni wapi?" Nikamjibu kuwa mwisho ni pale tutakapochoka. Akasimama kuitazama saa, labda itamwambia zaidi. Alisimama juu ya siafu.

Wenye wakwe mnaelewa ukubwa wa janga lenyewe. Siafu wakishaingia kwenye suruali dawa ni moja, nayo mwanamume haitumii mbele ya mama mkwe wake. Alijikaza. Nilikuwa nimemuuliza habari za kazini, akaendelea kunijibu, sauti ikipanda sentensi kwa sentensi. Akainua mguu wa kulia, akainua wa kushoto, akacheza ngoma ambayo kabila lake halina. Nikaona nimwokoe. Nikampa mgongo, nikaukazia macho mvule, nikakagua gome, mizizi na matawi, na mbega walioketi juu wakiangalia kila kitu bila haya, mpaka niliposikia amekohoa kuashiria kuwa amevaa. Afisa misitu akihitaji habari yoyote ya mvule ule, aniulize mimi.

Muda wote huo Babu na wajukuu hawakugeuka. Babu alikuwa ameketi kwenye mzizi, watoto wamechuchumaa miguuni pake, wote watatu wakimtazama jongoo akivuka njia. Nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu Materuni: mzee na mtoto mwendo wao ni mmoja. Wote husimama kila baada ya hatua chache, huyu kwa ajili ya goti, huyu kwa ajili ya jongoo. Wote hupenda kukaa, kula, na kujua choo kiko wapi. Wasumbufu ni hawa wa katikati, wenye nguvu na ratiba, ambao ukiwaonyesha njia wanataka kujua inaishia wapi. Mita za mwinuko hazikuwahi kutusumbua kama huo mwisho wa njia.

Siku hizi tunatoka saa moja asubuhi, jua halijakolea. Suruali zinaingizwa ndani ya soksi, na mkaguzi mkuu ni mkwe. Babu ana fimbo mbili, kila goti na yake, ili yasigombane. Mke mwenzangu anatangulia na ni marufuku kumpita. Mkwe anafunga msafara akiwa na kapu la kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, na chupa ya chai. Maji ya kunywa yakifika nusu tunageuka, hata kama mbele kunaitwa. Masika hatuendi, udongo wa kule ukilowa unamvua mtu viatu. Ile karatasi ya Naismith nilifungia maandazi.

Juzi mume wangu mdogo alikuja mbio na simu ya mama yake. Alikuwa amesoma kwamba mwaka 2019 bibi mmoja wa Marekani, Anne Lorimor, alifika kilele cha Kilimanjaro akiwa na miaka 89. Mwakani yeye mwenyewe anatimiza 10, kwa hiyo alitaka kumsikia Babu atajitetea vipi. Babu akahesabu kwa vidole, taratibu.

"Kumbe nimebakiwa na miaka 15 ya mazoezi," alisema. "Niletee fimbo zangu, twende Rau."