Bwana Mwenye Nyumba na Mfereji Wake

Hatuna budi kumstahi mwenye nyumba wa Dar es Salaam, ambaye, akiisha kujenga ukuta mrefu kuwazuia wezi, huuacha mfereji wa mbele ya lango lake ujae mchanga, vifuu na chupa za plastiki, kwa utulivu wa mtu awekaye akiba benki. Kaskazi yote, mfereji ukiwa mkavu na jembe limeegemea ukutani, hana wasaa, maskini. Masika yakiwadia mwezi wa Machi, hupata wasaa wa kutapisha choo gizani, mvua ibebe amana yake hadi Mto Msimbazi; na bonde la Jangwani likifunikwa na maji, hupanda juu ya meza ya sebuleni, suruali kaikunja magotini, akailaani serikali kwa fasaha isiyo kifani.