Mada Elekezi ya Mtaalamu wa Ndege

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyepata udhuru, mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye naye yuko njiani, wazee wetu, viongozi wa dini, wenye hoteli, wenye magari ya utalii, na ninyi wananchi mlioingia ukumbini kwa kufuata harufu ya pilau: itifaki imezingatiwa.

Nimesimama hapa bila kuombwa na mtu. Nchi yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege haiwezi kuendelea kukaa hivihivi, kila ndege anaruka anakotaka, bila mtu mzima mwenye sauti nzito wa kuwatolea ufafanuzi. Mshereheshaji amenitambulisha kuwa mpenzi wa ndege. Namsahihisha kwa upendo. Mpenzi wa ndege ni mtu mwenye banda la kuku uani. Mimi ni Mtaalamu. Cheo hicho nilitunukiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mimi, katibu wake ni mimi, na mjumbe pekee aliyepinga alitolewa nje. (Makofi.)

Ninyi mnaonukuu, andikeni "makofi" hapo hata kama hamkuyasikia.

Mada yangu ni safari ya kitaalamu ya kutazama ndege, kutoka Arusha hadi Serengeti kwa njia ya Tarangire, Manyara, Natron na Ngorongoro. Tuliondoka mwezi Februari, wakati wageni kutoka Ulaya na Asia hawajarudi kwao. Nazungumzia wageni wenye mabawa. Wale wenye pasipoti nao walikuwepo, na wanalipa vizuri zaidi. Garini tulikuwa mimi, wanafunzi wangu, na dereva, kijana wa Mto wa Mbu, mwenye tabia njema zote isipokuwa moja: akisikia ndege hawezi kunyamaza.

Tuanze na mavazi. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za kupokea rangi. La ndege lina nne, na wengi wao huona hata mwanga wa urujuanimno ambao kwetu sisi ni giza tupu. Kwa kuzingatia sayansi hiyo nilivaa kofia ya rangi ya udongo, koti la udongo lenye mifuko kila upande, suruali ya udongo, na juu yake skafu nyekundu ya kamati, ili ndege akishaniona ajue ameonwa na nani. Darubini nilivaa mbili. Moja ni ya kutazamia. Nyingine ni ya kupigwa nayo picha.

Tarangire ni mahali pa heshima. Pana kwezi wa kijivu, na pana cherero mwenye kola ya njano, kasuku mdogo wa kijani, na wote wawili asili yao ni Tanzania peke yake. Watu hupanda ndege usiku kucha kutoka Ulaya kuja kuwaona. Mimi niliwaona kirahisi sana. Dereva alizima injini, akainua kidole, akanong'ona, "Cherero, mbuyu wa pili, tundu la chini," nami nikatangaza kwa sauti, "Nimemwona!" Chini ya kanuni zangu, ndege ni mali ya aliyetangaza.

Hapa niwape siri ya taaluma. Porini kuna kundi la ndege wadogo, wa kahawia, wasio na alama yoyote ya kumsaidia mtu mwenye haraka. Wanaitwa sistikola, wako wa aina nyingi, na hata vitabu vinakiri kwamba njia ya uhakika ya kuwatofautisha ni mlio: huyu anakoroma, yule anasaga meno, mwingine anaomboleza. Mtaalamu hafanyi hivyo. Mtaalamu huchagua jina la aina adimu kuliko zote, analitamka polepole kabla mwenzake hajafungua kitabu, kisha anageuza darubini upande mwingine. Dereva alisema, "Mzee, huyo ni wa kawaida, sikiliza anavyomalizia." Nikamwambia mimi si mtu wa kusikiliza.

Kwenye kinamasi cha Silale tulimkuta ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi, yule anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Kwa taarifa yenu, jike la ndege huyu hutaga mayai, likamwachia dume, likaenda kutafuta dume jingine. Dume ndiye anayelalia mayai, ndiye anayelea, na hatari ikitokea huwabeba vifaranga chini ya mabawa yake, miguu yao inaning'inia. Niliagiza gari liondoke mara moja. Garini kulikuwa na akina mama, na walikuwa wameshaanza kuandika.

Sasa nifike kwenye pendekezo langu la kisera, lililonijia tukiwa tunapita kando ya mashamba ya mpunga ya Mto wa Mbu. Wenzetu wa nje wana vibanda vya kujificha na kutazama ndege. Nasi tuwe navyo. Tusimamishe nguzo nne, tuweke jukwaa, ngazi ya miti, paa la nyasi, pande zote wazi, mtazamaji apande alfajiri na ashuke jua likizama, akisikiliza kila kinacholia. Mchoro ninao. Hakimiliki nimeshaiombea.

Dereva akatazama mchoro wangu kwa muda, akasema, "Mzee, hili ni dungu."

Akaendelea, bila kuulizwa, kueleza kwamba amekulia juu ya kitu hicho, akiamia mpunga wa mama yake, teo mkononi, tangu hajaanza shule. Alidai mtoto anayeamia ndege hujua sauti kabla ya kujua herufi, kwa sababu akipoteza mawe kwa hua mmoja anayeokota punje chini huku kwelea wanashuka upande wa pili wa shamba, hasara yake inaonekana jioni hiyohiyo sufuriani. Alisema kwelea huwasikii wakilia mmoja mmoja. Unasikia mabawa kwanza, mvumo mmoja, na ukishausikia umechelewa. Alijua saa wanayokunywa maji. Alijua mwewe akipita juu wanabadilisha mlio, na kwamba mtoto mjanja huiga mlio huo. Nilimsikiliza kwa uvumilivu, kisha nikamweleza taratibu kwamba hiyo siyo elimu. Hiyo ni kazi.

Na kwa kuwa kwelea ametajwa, nimmalize hapahapa. Ndiye ndege wa mwituni mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Anakula takriban gramu kumi za nafaka kwa siku, na mtu akiona ni kidogo, azidishe kwa kundi la milioni moja: ni tani kumi kabla ya magharibi. Serikali hutuma ndege za chuma kunyunyizia dawa wanapolala. Mwanafunzi wangu mmoja aliomba tusimame tuwatazame wakigeuka angani, kundi zima kwa pamoja, kama moshi unaopewa amri. Nilikataa. Mimi sitazami ndege anayepatikana.

Usiku wa Manyara bundi alilia juu ya paa la chumba changu. Nataka ieleweke kwamba mimi ni mwanasayansi, na najua bundi ni mwindaji wa panya tu, hana habari na roho ya mtu. Nililala garini kwa sababu za kimbinu. Dereva, aliyekuwa amelala humo kabla yangu, alinikaribisha bila kuuliza chochote. Nilipenda adabu yake.

Natron nitaipitia kwa tahadhari, maana joto lake bado ninalo. Ziwa hili la magadi liko chini ya Ol Doinyo Lengai, na maji yake ni makali kiasi cha kuchubua ngozi. Ndiyo sababu flamingo wadogo wamelichagua: fisi hawezi kuvuka tope hilo kwenda kula mayai. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya flamingo wadogo wote duniani huanguliwa hapo, kwenye vichuguu vya tope vinavyojengwa na wazazi wenyewe. Kila mkoa wenye ziwa la rangi ya waridi unajigamba kwa wageni, lakini kizazi kinatoka Natron. Hata hiyo rangi hawakuzaliwa nayo. Vifaranga ni wa kijivu, na waridi inatokana na viumbe vidogo vya majini wanavyovichuja wakiwa wameinamisha kichwa juu chini. Niliamua kwenda kuwahoji kwa karibu. Dereva aliniambia tope halibebi mtu. Nilimkumbusha cheo changu. Buti langu la kushoto liko huko hadi leo kwa ajili ya utafiti wa muda mrefu.

Ngorongoro walituonyesha korongo taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda, ambaye tangu 2012 ameorodheshwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani, na ambaye alikuwa anacheza ngoma majanini bila kujali orodha. Tulimwona pia tandawala, ndege mzito kuliko wote wanaoruka barani Afrika. Lakini jambo kubwa lilitokea Ngoitokitok, mahali ambapo watalii hula chakula chao cha mchana kandokando ya bwawa la viboko. Kila dereva wa Ngorongoro huwaambia wageni wake wale ndani ya gari. Nasi tuliambiwa. Mimi nilishuka, nikasimama wazi na paja la kuku mkononi, nikitoa maelezo juu ya ndege wala nyama. Sentensi haikufika mwisho. Mwewe alitokea nyuma ya bega langu, sikuona hata kivuli, na paja likaondoka likiwa bado na chumvi niliyolinyunyizia.

Wajinga walicheka. Mimi nilitoa saa yangu nikanukuu muda. Watafiti wengine hufuata mwewe miaka mingi wakichungua mabaki chini ya viota ili wajue anakula nini; mimi nilipata jibu papo hapo, kwa gharama ya kuku mmoja tu, ambaye hata hivyo alikuwa wa hoteli.

Tulichepuka pia upande wa Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe, na huko kuna ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga. Mtu hupiga mluzi, ndege anaitikia, anaruka mti kwa mti, mtu anapata asali, ndege anapata nta na mabuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege hawa hufuata lugha ya mahali: walioko karibu na Wahadzabe huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na wale wa Niassa, Msumbiji, huitikia zaidi wito wa Wayao. Nilipiga mluzi wangu wa kimataifa. Hakuja ndege. Alikuja mzee mmoja kuuliza kama nimepotelewa na mbwa.

Serengeti sina mengi. Karani tamba tulimwona akimpiga nyoka mateke hadi nyoka akakubali. Tumbusi walikuwa kwenye mzoga wa nyumbu, nami nikawasimulia wanafunzi kwamba mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, mita zipatazo 11,300 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho hakuna ndege mwingine aliyewahi kuthibitishwa kukifikia. Dereva akaongeza kwamba siku hizi hawafi kwa kugonga ndege. Wanakufa wengi kwa mpigo kwa sumu ambayo mtu amemtegea simba kwenye mzoga wa ng'ombe. Garini wakanyamaza. Nikaona mada imepoteza mwelekeo, nikaomba muziki.

Waheshimiwa, muda hautoshi. Nilitaka pia kuzungumzia kwale wa Udzungwa, aliyeshtukiwa na watafiti mwaka 1991 pale walipoona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula kambini. Hilo linathibitisha msimamo wangu kwamba mtaalamu wa kweli huanzia jikoni, na pilau ile naona imeiva.

Vyeti vya ushiriki vinapatikana mlangoni kwa ada ndogo. Vyenye sahihi yangu, ada ya kati. Maswali kuhusu falsafa, sera na mustakabali wa taaluma, niulizeni mimi wakati wa chakula, nikishamaliza kula. Mwenye swali la ndege, dereva yuko pale nje, anabadilisha tairi.