Namna ya Kula Makindu Bila Kuulizwa Dini

Njaa ya barabara ya Mombasa ina akili zake. Unaiacha Nairobi ikiwa imelala, Sultan Hamud inapiga miayo, Emali inaanza kulalamika, na ukifika Makindu, zaidi ya kilomita 150 safarini, inajua mlango. Mlango wenyewe ni wa hekalu la Singasinga, ambako msafiri hula bure. Kula kwenyewe ni rahisi. Kazi iko katika kuonekana hukujia chakula.

Kwanza amua wewe ni dini gani. Amua ukiwa bado garini, maana hekaluni hutaulizwa, na utabaki na jibu lako zuri mdomoni bila pa kulitua.

Jifunze pia kutofautisha Mhindi na Mhindu. Irabu moja tu, lakini imewahi kugombanisha watu wazima. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi: Masingasinga, Wahindu, Waislamu, wote Wahindi. Inasimuliwa kwamba wale waliokuwa kituo cha Makindu walikusanyika kuomba chini ya mti mmoja. Mti mmoja! Hebu hesabu kamati za ujenzi zilizopotea hapo, wenyeviti, waweka hazina, kesi za kiwanja. Mshauri wa siku hizi angewapandia miti mingine miwili, na ua katikati. Wao wakaendelea na kivuli chao, na hekalu likajengwa mwaka 1926.

Vua viatu, funika kichwa. Ukiwa Mhindu uliyezoea sanamu, usihangaike kuzitafuta. Kilichokaa kwenye kiti cha heshima ni kitabu, Guru Granth Sahib, kimefunikwa vitambaa vizuri na kupepewa kama mfalme. Inama tu. Humo ndani mna maneno ya Namdev na Ravidas, wacha Mungu ambao Wahindu huwaheshimu kama wa kwao, na ya Sheikh Farid, Mwislamu. Anayetaka kugawa mahali hapa kati ya wenyewe na wageni itabidi aanze kwa kuchana kurasa, nami sijui atashika wembe kwa mkono upi.

Utapewa prasadi: unga, samli, sukari. Pokea kwa viganja viwili. Usiombe kijiko, vidole vitang'aa samli mpaka Mtito Andei, na huo ndio ushahidi pekee wa ibada utakaobaki nao.

Sasa chakula. Nyama usiiulizie. Chapati pokea kwa mikono miwili, na uvumilie uchungu wa kugundua kwamba haikubuniwa kijijini kwenu wakati wa Krismasi. Kaa utakapopata nafasi, hata kama jirani ni utingo wa lori la simenti nawe umevaa tai. Chukua unachoweza kumaliza, kwani kubakiza ni aibu, na aibu yako ya leo tayari ina kazi.

Bili hakuna. Kuna sanduku la sadaka. Wazoefu hulipita wakitazama saa. Dereva akianza kupiga honi, mtume mtoto akamwambie bado uko ibadani, kisha kunja chapati ya tatu.